Pikapu moja au mbili? Jibu kwa mpiga besi wa Nachingwea

Swali limenifikia wiki hii kutoka kwa kijana wa Nachingwea anayepiga besi kwenye kwaya, nalifupisha maana lilikuwa refu: "Shikamoo kaka fundi. Nina laki nne na nusu, nimepata besi mbili za mkononi, bei sawa. Moja ipo Mtwara kwa mzee aliyekuwa anapiga bendi zamani, nyeusi, kichwani ina alama ya kuungua sigara, ina pikapu moja yenye vipande viwili vilivyopishana. Ya pili ipo Dar, inang'aa, haina hata mkwaruzo, ina pikapu mbili ndefu, ila kwenye video aliyonitumia muuzaji nilisikia inavuma mmmm akipunguza nobu moja. Wenzangu wa kwaya wananicheka, wanasema nani anachukua moja wakati kwa hela ile ile kuna mbili. Jumapili tunapiga nyimbo za taratibu halafu tunamalizia na sebene, Jumamosi huwa naitwa harusini. Nichukue ipi? Na ile ya moja naweza kuichonga nikaongeza pikapu ya pili baadae?"

Marahaba mdogo wangu. Kwanza nikuchekeshe, swali lako nilikuwa nalisoma kwa sauti hapa kibandani Chikongola, Mtwara mjini, jirani yangu muuza chapati akadakia "pikapu mbili? kwaya gani hiyo, au korosho za huko Nachingwea zimelipa sana msimu huu?" ikabidi nimwonyeshe kwenye besi iliyokuwa mezani kwamba ninayosema mi ni haka kadude keusi chini ya nyuzi, sio gari la kubebea magunia. Akasema basi mwambie achukue mbili, moja ikifa anabaki na nyingine. Kumbe na wenzako wa kwaya wanawaza hivyo hivyo, wanahesabu pikapu kama mtu anahesabu matairi.

Mi nakwambia chukua ile nyeusi ya Mtwara, kwa sharti moja la shingo ambalo ntalifikia. Na nikiri mapema kabisa, hiyo besi naifahamu, yenye alama ya sigara kichwani hapa mjini naijua moja tu, niliibadilishia tundu la jeki kama miaka mitatu iliyopita na sijaiona tangu hapo. Mzee hanipi chochote nikikuelekeza kwake. Akinipa chai ntakunywa.

Haya, twende taratibu. Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba, mwembamba kama unywele, mizunguko maelfu. Uzi wa chuma ukitikisika juu ya sumaku unazalisha kaumeme kadogo kwenye huo waya, ndo kanakotembea kwenye jeki mpaka kwenye ampu, mashine ya kukuza sauti. Kwa hiyo pikapu inausikia uzi, na inausikia pale pale ilipokaa, sio kwingine. Hapo ndo penye siri yote, maana uzi hautikisiki sawa kila mahali. Umewahi kuona watoto wanazungusha kamba ya kuruka? Katikati inapanda juu kabisa, huku mwishoni kwenye mkono wa mshikaji inachezacheza kidogo tu. Uzi wa besi nao ni hivyo, ukisogea upande wa shingo unatikisika kwa upana, sauti mama imejaa, nene, ya tumboni, na ukirudi nyuma kwenye briji, kile chuma kinachoshika nyuzi kule mwisho wa mwili wa besi, mtikisiko ni mdogo, sauti mama inapungua na zile sauti ndogo ndogo za juu yake, niziite watoto wake, ndo zinasikika zaidi, kavu, za puani, zenye makali. Kwa hiyo mtu akikuuliza pikapu ngapi, we muulize zimekaa wapi. Fender wenyewe, kampuni ya magitaa ya Marekani, miaka ya 1970 waliisogeza pikapu ya nyuma ya besi yao iitwayo Jazz kama sentimita 1 tu kuelekea kwenye briji, na mpaka leo kuna watu wanabishana usiku kucha kwa ajili ya hiyo sentimita.

Hiyo ya mzee imechongwa kwa mfano wa Precision, besi ambayo Fender waliitoa 1951. Mwanzo ilikuwa na pikapu moja nyembamba iliyonyooka, 1957 ndo wakaikata vipande viwili vikapishana, kimoja kinasikiliza nyuzi mbili nene, E na A, kingine kinasikiliza D na G. Watu wengi wakiona vile vipande wanasema hii ina pikapu mbili, hapana, ni moja, kila uzi una kipande chake kimoja tu. Na walivyovikata walifanya ujanja mzuri sana, koili ya kipande kimoja imegeuzwa na sumaku yake imegeuzwa, hivyo mvumo wa umeme unaoingia huku na unaoingia huku vinapingana vinafutana, ila sauti ya nyuzi inabaki. Ndo maana besi ya aina hiyo iko kimya hata chini ya taa za tyubu za ukumbini zile zinazowashawasha kila kitu. Pikapu yenyewe imekaa katikati, sio mbele sana sio nyuma sana, sauti yake ina kifua. James Jamerson, yule aliyepiga besi kwenye rekodi nyingi za kampuni ya muziki ya Motown kule Detroit miaka ya 1960, alitumia Precision, pikapu moja, nyuzi laini zisizo na mikwaruzo, na mkono wa kulia kidole kimoja tu cha shahada. Kimoja! Hakuna aliyemwambia aongeze.

Ila usije ukakariri kwamba pikapu moja ni sauti moja. Music Man StingRay ya 1976 nayo kwa kawaida ina moja, ila ni pana, imekaa nyuma, na ndani kuna saketi ya betri ya volti 9, hiyo ukiigonga kwa dole gumba inakata kama panga. Ukiiweka na Precision pamoja utadhani ni vyombo vya makabila mawili.

Ya Dar sasa. Kwa ulivyoielezea, pikapu mbili ndefu, hiyo ni mfano wa Jazz, iliyotoka 1960. Moja iko karibu na shingo, moja karibu na briji, kila moja ina nobu yake ya voliumu na ya tatu ni ya toni. Ukifungua ya mbele peke yake unapata unene, ukifungua ya nyuma peke yake unapata ile sauti ya kuongea, ya puani, ambayo mpiga besi Jaco Pastorius aliifanya ikajulikana dunia nzima kwa besi yake isiyo na freti, vile vyuma vinavyokatiza shingo. Ni nzuri, siwezi kuidharau, mi mwenyewe ninayo.

Ila ukizifungua zote mbili mpaka mwisho kuna jambo linatokea ambalo muuzaji hakwambii, pengine na yeye halijui. Umewaona akina mama wawili wanatwanga kwenye kinu kimoja, wakipokezana vizuri mahindi yanalainika fasta, wakikosana kidogo michi inagongana na nguvu ya wote wawili inaishia hewani. Pikapu mbili zinasikiliza uzi mmoja kwenye sehemu mbili tofauti, kwa baadhi ya zile sauti watoto uzi unakuwa unapanda juu ya pikapu moja wakati unashuka juu ya nyingine, zikikutana kwenye waya zinafutana. Zinazofutika nyingi ni za kati. Inabaki chini laini na juu inang'aa, katikati pamebonyea. Studio, au ukiwa peke yako chumbani na hedifoni, ni tamu balaa, mtu akisikia anasema aisee besi la bei mbaya hilo. Harusini Nachingwea ukiwa na kinanda, gitaa la solo na MC anayepiga kelele kwenye maiki, pale katikati palipobonyea ndo palikuwa mahali pako pa kusikika, na umepatoa mwenyewe.

Fikiria hivi. Uzi wako mnene ukiwa wazi, E, unatikisika mara 41 kwa sekunde, hezi 41. Spika nyingi za kukodi huku kwetu ni zile za inchi 12 au 15 juu ya stendi, hezi 41 hazitoi kitu cha maana hata ufanyeje, labda mwenye mziki awe kaja na sabufa za kweli, na akija nazo anaziogopea asije akaziunguza. Sasa watu wanaisikiaje E yako? Wanaisikia kwa wale watoto, hezi 82, 123, kuendelea juu, sikio linajazia mama yao lenyewe. Kwa hiyo besi yenye kifua, yenye sauti za kati zimejaa, inapenya hata kwenye spika mbovu, ile yenye chini laini na juu kung'aa inapotea, unaanza kuongeza voliumu, mwenye miksa anakupunguza, unaongeza, anakupunguza, mwisho mnagombana mbele ya maharusi. Nimeliona hilo Masasi, nimeliona Lindi mjini, na mara ya kwanza mgomvi nilikuwa mimi.

Nije kwenye ule mvumo uliousikia kwenye video. Inawezekana kabisa ile besi haina ugonjwa wowote. Kwenye Jazz pikapu mbili zimetengenezwa kinyume cha mwenzake, kama vile vipande vya Precision, zikifunguliwa sawasawa zinafuta mvumo, ukipunguza moja tu mlinganyo umevunjika na mvumo unarudi. Jamaa alipunguza nobu moja, ikavuma, ndo maumbile yake hayo. Maana yake lakini ni kwamba ile sauti ya pikapu ya nyuma peke yake unayoitamani kwa ajili ya sebene, kila ukiitumia unavuma. Na umeme wetu ni hezi 50, unajua hezi 50 inaangukia wapi? G ya chini, ile ya freti ya tatu kwenye uzi mnene, ni hezi 49. Kwa hiyo mvumo wa Tanzania ni G iliyopanda kidogo. Kwaya ikiimba kwenye kii ya G haumsumbui mtu sana, mkihamia F sharp hapo ndo unasikia kama kuna nyuki kanisani. Marekani umeme wao hezi 60, nyuki wao anaimba kati ya B flat na B, kila nchi na nyuki wake.

Kuna namna ya kujua kama mvumo ni wa kawaida au ni mbovu, na hii ifanye hata kwa besi ya mzee. Chomeka, voliumu zote juu, usiguse nyuzi, sikiliza. Gusa nyuzi kwa kiganja. Mvumo ukipungua ni sawa, maana nyuzi zimeungwa kwenye ethi ya gitaa, ule waya wa ardhini. Ukizidi kuna waya umeachia au umeungwa kinyume. Alafu kama ukishika nyuzi na ukigusa maiki kwa mdomo unapigwa shoti hata kidogo, weka gitaa chini usiendelee. Hapo tatizo ni la soketi na ethi ya jengo, sio la pikapu, na mtu anaweza kufa. Kuna kumbi huku ethi haijawahi kufungwa kabisa. Mwite fundi umeme wa kweli, asikwambie vaa kandambili.

Sasa nikupe kisa changu manake nilishafika hapo ulipo. Zamani kidogo nilipanda basi mpaka Dar, nikazunguka Kariakoo siku nzima, nikarudi na besi ya pikapu mbili mpya inanukia rangi. Nyumbani nikaipiga, ikawa nyembamba. Sio nyembamba ya kawaida, nyembamba kama redio ya mkulima inayoisha betri. Nikailaumu ampu. Nikaifungua ampu, nikabadilisha kapasita mbili zisizo na kosa lolote, nikailaumu spika, nikabadilisha nyuzi, karibu mwezi mzima nazunguka hivyo na kwenye ibada nimekaa nyuma kwa aibu. Siku moja bahati mbaya, tuseme bahati nzuri, kiwiko kikapiga nobu ya pikapu ya nyuma ikazima kabisa, sauti ikajaa nyumba nzima mpaka mke wangu akatoka jikoni kuuliza nimenunua nyingine lini. Pikapu ya nyuma waya zake mbili ziligeuzwa kiwandani, moja ikavuta huku wakati mwenzake anavuta kule. Kazi yenyewe ilikuwa kulehemu waya mbili kupishana, dakika kumi. Kwa hiyo ukijaribu besi yoyote ya pikapu mbili, piga uzi A na ya mbele peke yake, kisha ya nyuma peke yake, kisha zote. Zote pamoja zikiwa dhaifu kuliko moja moja, chini yote imekimbia, jua zimegeuzwa. Ni ugonjwa mdogo, ila dai punguzo. Muuzaji wako wa Dar mwambie arudie video afanye hayo matatu, akikataa jibu unalo.

Unaniuliza kimoyomoyo, sasa sebene ntapigaje na pikapu moja? Hapa ndo nataka unisikilize vizuri kuliko kote. Mkono wako wa kulia ndo pikapu ya pili ambayo hujailipia. Chukua besi yoyote hata ya kuazima, hata gitaa kavu kama huna, piga uzi A wazi ukiwa juu ya mwisho wa shingo, pale freti zinapoishia. Dum. Endelea kupiga huo huo uzi kwa nguvu ile ile huku unasogeza vidole polepole kurudi nyuma, pita juu ya pikapu, endelea mpaka vidole viguse karibu na briji pale uzi ni mgumu kama waya wa fensi. Umesikia? Dum imegeuka dom, ikageuka deng, ikageuka ding. Hakuna nobu uliyogusa. Uzi ukiupiga karibu na briji wale watoto wanaamka wengi, ukiupiga mbele wanalala. Sasa wimbo wa toba, Kwaresima, vidole mbele, toni umefunga nusu, piga kwa nyama ya kidole. Mkiingia sebene toni fungua yote, vidole rudi nyuma, kiganja kilale kidogo juu ya briji ili noti ziwe fupi, maana besi ya sebene utamu wake uko kwenye kukata, inaruka, inanyamaza, inarudi, ukiacha noti zinaburuta umeua mguu wa mchezaji. Kama kiganja kinachoka, kata kipande cha sponji ya kuoshea vyombo, kipana kama vidole viwili, kichomeke chini ya nyuzi karibu na briji. Sio ufukara huo, Fender zile za zamani zilikuja na kipande cha sponji chini ya kifuniko cha briji kutoka kiwandani. Nikiwa na vijana wanaokuja kujifunza hapa huwa nawafunga nobu zote kwa selotepu wiki mbili, watafute sauti kwa mkono, wananichukia wiki ya kwanza.

Itafika kote? Haifiki. Ile sauti kamili ya puani ya pikapu ya nyuma ya Jazz hutoipata kwa mkono peke yake, utaikaribia tu. Kama ungekuwa unarekodi studio kila wiki, au kazi yako ni kugonga nyuzi kwa dole gumba kama mpiga besi Marcus Miller na Jazz yake ya 1977, ningekwambia panda basi nenda Dar. Na kama vidole vyako ni vifupi hapo pia ningefikiria upya, kwa sababu hii ambayo watu hawaisemi: Jazz shingo yake pale juu kwenye kichwa ina upana wa milimita 38, Precision nyingi 41 mpaka 44. Kwenye mkono mdogo milimita hizo ni nyingi mno, usiku wa harusi masaa matano utazihesabu kwenye kifundo. Ukienda kwa mzee shika freti ya kwanza kwa kidole cha kwanza na ya nne kwa kidole cha mwisho, kaa hivyo dakika mbili unapiga. Mkono ukiuma, mwambie mzee asante, rudi nyumbani.

Na hapo nimefika kwenye lile sharti la shingo. Besi ya mzee imekaa Mtwara miaka, chumvi ya bahari na unyevu havina huruma, na ikiwa ilining'inizwa ukutani au kuegemezwa stoo na magunia ndo kabisa. Ikamate kama bunduki, uangalie shingo kwa jicho moja kutoka kichwani kwenda kwenye briji, ione kama imepinda pembeni au imejisokota. Iliyojisokota iache, hiyo haina dawa ya bei yako. Alafu bonyeza uzi mnene freti ya kwanza na freti ya mwisho kwa pamoja, omba mtu akusaidie mkono, angalia nafasi kati ya uzi na freti ya saba au ya nane. Ipite kadi ya biashara kwa tabu kidogo, hapo safi. Ikipita shilingi mia ya sarafu, shingo imejikunja kwa mvuto wa nyuzi, inarekebishika kwa kile chuma cha ndani ya shingo, unazungusha robo mzunguko tu kisha unaiacha mpaka kesho yake, sio unakaza kama nati za trekta. Kama uzi umelala kabisa juu ya freti au hicho chuma hakizunguki kimeshika kutu, mshushe mzee bei au mwache. Angalia pia skrubu za pikapu na za briji, kutu ya juu juu haina shida, kutu iliyokula kichwa cha skrubu ni kazi. Zungusha nobu zote huku ikiwa imewashwa, zikikwaruza kraaa kraaa ni vumbi na kutu, spreyi ya kusafishia koneksheni inamaliza, usiiogope.

Kuichonga uongeze pikapu? Usiguse. Najua inaitwa PJ, P ya Precision na J ya Jazz, na ziko zinazotengenezwa hivyo kiwandani, ni besi nzuri, ila za kiwandani zilichongwa kwa mashine. We utapeleka kwa seremala wa vitanda na patasi, akikosea milimita tano pikapu haipo tena chini ya nyuzi, alafu ile ya nyuma itakuwa na sauti ndogo kuliko ya katikati na ikiwa peke yake itavuma, umenunua nyuki kwa hela yako. Nimeshaletewa mbili za hivyo hapa, moja tundu lilitokea upande wa pili.

Kuliko hivyo, ukibakiwa na hela tafuta DI boksi, kale kaboksi kadogo ka kuunganishia besi na miksa, hata ya kawaida kabisa. Naona kwenye picha za kwaya yenu mnachomeka besi moja kwa moja kwenye miksa pamoja na kinanda. Kinanda kina nguvu zake, besi isiyo na betri ni dhaifu, ukiichomeka kwenye tundu la laini miksa inaivuta, sauti za juu zinakufa, inasikika kama imefunikwa blanketi. DI inakaa katikati inaipokea vizuri na kuipeleka miksa kwa waya wa maiki. Baadhi ya miksa zina kitufe kimeandikwa Hi-Z, cha kupokea gitaa au besi moja kwa moja, kwenye chaneli moja au mbili, angalia yenu kabla hujanunua kitu, pengine kipo na hakuna aliyewahi kukibonyeza. Naapa hicho kitufe kimoja kitabadilisha besi yako kuliko pikapu ya pili.

Nyuzi, badilisha ukishanunua, zile za mzee zitakuwa zimeshakufa. Za kawaida za mikwaruzo zikufae sebene, zile laini zinapendeza kwenye nyimbo za taratibu ila ghali na Dar tu ndo unazipata kwa urahisi. Kila ukimaliza kupiga zifute kwa kitambaa kikavu, jasho na hewa ya huku zinakula chuma wiki mbili tu. Na vile vipakiti vidogo vya punje kwenye boksi za viatu vipya usitupe, viweke kwenye mkoba wa besi.

Kwa mzee nenda asubuhi, mchana huwa amelala na akiamshwa bei inapanda. Beba waya wako wa jeki, wa kwake naujua, lazima uukunje kwa goti ndo unatoa sauti, usije ukasema besi mbovu. Ana ampu ndogo pale sebuleni. Ukitoka hapo pitia kwangu, robo mzunguko wa shingo nakufanyia bure.